Sauti Zilizonusurika Vita: Kutoka Kaseti Hadi CD



Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, takriban kilomita 60 kutoka mji wa Mbarara, yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960. Wa mwanzo kupokelewa walikuwa Wanyarwanda. Baadaye wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo. Historia ya watu kama hawa haimo katika vitabu na mafaili tu. Nyingine imo katika kaseti: mawaidha, kasida, harusi, na zile barua za sauti ambazo mama asiyejua kuandika alimtumia mwanawe aliye mbali.

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Iliingia mfukoni, na redio kaseti ilipiga kwa betri hata pasipo na umeme. Wasomali waliitumia kuliko wengi. Lugha yao ilipata hati rasmi ya kuandikia mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo mashairi yalihifadhiwa vifuani, na kaseti ikaja kuvisaidia vifua. Mwaka 1979 yalipoanza mashairi ya kujibizana yaitwayo Deelley, ambamo utawala wa Siad Barre ulilaumiwa waziwazi, yalienea kwa kaseti, huyu akimnakilia yule, maana redio ilikuwa ya serikali.

Mwaka 1988 ndege za serikali hiyo hiyo ziliupiga mabomu mji wa Hargeisa. Kanda za redio zikafichwa: nyingine zilifukiwa ardhini, nyingine zikavushwa hadi Jibuti na Ethiopia. Miaka mingi baadaye kituo cha utamaduni cha Redsea mjini humo kikakusanya kanda zaidi ya 10,000 na kuanza kuzihamishia kwenye kompyuta. Fikirini, watu wanakimbia mabomu na bado wanazikumbuka kanda!

Kazi hiyo inawezekana hata nyumbani. Waya unatoka kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti na kuingia kwenye tundu la sauti la kompyuta. Programu ya Audacity, iliyotolewa mwaka 2000 na ambayo ni ya bure, inarekodi. Njia ya mkato hakuna: kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60. Sauti ya ubora wa CD inakula takriban megabaiti 10 kwa dakika, kwa hiyo kaseti hiyo inaenea kwenye CD moja ya dakika 80. Ya dakika 90 haienei. Kila upande uchomwe kwenye CD yake. Kaseti iliyoota ukungu isipigwe kabla ya kusafishwa. Na msihangaike sana kuondoa mikwaruzo, kwani programu ikizidishwa hula na sauti ya msemaji. Jogoo akiwika nyuma ya mawaidha, mwacheni awike.

CD nayo haidumu milele. Iliyochomwa nyumbani huharibiwa na jua na joto, na kompyuta nyingi za leo hazina hata mahali pa kuiingiza. Nakala ya pili ikae kwenye diski ya nje, na kaseti zenyewe msizitupe.

Anayepeleka kaseti dukani Mbarara akachomewe aangalie jambo moja. Mawaidha yaliyotolewa msikitini ni ya wote, lakini barua ya sauti ni amana. Mle mna deni la fulani, ugonjwa wa fulani, na maneno ya mume kwa mkewe. Hiyo inakiliwe nyumbani, na anayehusika aombwe idhini kama yu hai.

Linalopotea mwanzo kabisa ni majina. Karatasi ya juu ya kaseti imebanduka, na anayejua sauti ile ni ya nani ni bibi mwenye miaka themanini. Basi kwa kuwa kaseti haikubali kuharakishwa, mkalisheni bibi karibu na kompyuta saa hiyo nzima, mtoto mmoja akiwa na daftari, aandike: huyu ni nani, alikuwa akisema na nani, na walikuwa wapi siku hiyo.