Kwinini na Barabara ya Rumonge

Kilomita kumi na kitu kusini mwa Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe kubwa lenye majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe ya Novemba 25, 1871. Nilishuka garini nikaligusa. Wapiga makasia waliowaleta kutoka Ujiji hawakuandikwa popote juu yake, na jambo hilo liliniuma.

Livingstone na Stanley walitaka kujua kama mto Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka. (Unaingia.) Mimi nilikuwa nikifuata habari za homa. Katika safari yao hiyo Stanley alishikwa na homa, na Livingstone ndiye aliyemuuguza. Mzee huyo aliujua uchungu wa kukosa dawa: Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa, na katika shajara yake akaifananisha hasara hiyo na hukumu ya kifo.

Dawa ya kutegemewa dhidi ya malaria ilikuwa kwinini, iliyotengwa na Pelletier na Caventou huko Paris mwaka 1820 kutoka gome la mti wa Amerika Kusini. Gome hilohilo lina ndugu yake, kwinidini. Atomi ni zilezile kwa idadi ileile, ila sehemu mbili za molekuli zimegeuzwa, mithili ya kandambili ya kushoto na ya kulia. Kwinini huuzungusha mwanga uliochujwa kuelekea kushoto, kwinidini kulia. Zote mbili hupiga malaria, lakini kwinidini huutikisa moyo zaidi.

Kuupima mzunguko huo kwa njia ya zamani, ili kuzitofautisha, kunataka dawa ya kutosha kujaza mrija. Mwaka 2010 watafiti wa Glasgow na Exeter walitumia vioo vilivyotandazwa maumbo ya dhahabu, madogo kuliko wimbi la mwanga, mengine yamepinda kushoto, mengine kulia. Molekuli zikinata juu yake, rangi inayonyonywa na dhahabu husogea, na ile ya maumbo ya kushoto haisogei sawa na ile ya maumbo ya kulia. Walipima protini, si kwinini, lakini pikogramu chache ziliwatosha. Na Glasgow ndiko Livingstone alikosomea utabibu.

Niliingia Rumonge jioni, wavuvi wa ndagala wakiandaa taa zao. Kwenye duka la dawa karibu na soko, mama mmoja alikuwa amebeba mtoto aliyewaka homa. Muuzaji alikiinua kipakiti kwenye mwanga wa taa, akasoma maandishi ya nje, akampa.