Thika ya Mwaka Gani, Ruiru ya Mpaka Upi?

Katika orodha ya miji ya sensa ya Kenya ya 2019, Ruiru ilikuwa na watu 490,120. Ilishika nafasi ya nne nchini, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, ikaipita hata Kisumu yenye watu 397,957. Lakini katika orodha ya maeneo ya utawala ya sensa hiyohiyo, kaunti ndogo ya Ruiru ilikuwa na watu 371,111, yaani chini ya Kisumu. Hakuna aliyekosea: mji umevuka mpaka wa kaunti ndogo, na kila orodha ilifuata mpaka wake.

Mvutano huu kati ya watu na mipaka ni wa zamani. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya kahawa na katani yakavuta vibarua kutoka kila upande. Serikali ya kikoloni ilihesabu vibanda ili itoze kodi. Sensa iliyowajumuisha Waafrika kote nchini ilisubiri hadi 1948. Ikafuata ya 1962, kisha ya 1969, na tangu hapo kila baada ya miaka kumi. Matokeo yalitoka katika vitabu vya majedwali, na jedwali la kitabuni hujibu swali ambalo mchapaji aliliwazia. Ukitaka kuunganisha umri, elimu na makazi kwa namna ambayo yeye hakuipanga, huna njia.

Maswali ya namna hiyo yalikuwa yakiulizwa palepale Ruiru. Baada ya ugonjwa wa chulebuni kuangamiza mazao ya kahawa miaka ya 1960, watafiti wa kituo cha kahawa walianza mwaka 1971 kuzalisha aina mpya, na mwaka 1985 wakawapa wakulima Ruiru 11. Kazi ya aina hiyo haiishii kwenye safu moja ya tarakimu. Mtafiti hutaka kujua mche upi ulistahimili ugonjwa upi, msimu upi, na ukazaa kiasi gani.

Wataalamu wa hifadhidata waliipa data yenye pande nyingi kama hiyo jina la mchemraba. Edgar Codd, aliyeweka msingi wa hifadhidata za majedwali mwaka 1970, alieleza mwaka 1993 uchambuzi wa papo kwa papo unaoitwa OLAP. Mwaka 1998 Microsoft ilitia huduma hiyo ndani ya SQL Server, na kazi iliyokuwa ya kampuni kubwa ikawa karibu zaidi na ofisi za kawaida. Mjenzi wa mchemraba huweka katikati jedwali la matukio, yaani hesabu zenyewe, kisha hulizungushia majedwali ya vipimo: mahali, mwaka, umri, jinsia. Programu hukokotoa jumla mapema. Mtumiaji hushuka kutoka kaunti hadi kaunti ndogo hadi lokesheni, au hukata pande la mwaka mmoja, na jibu huja bila kusubiri.

Hapo ndipo Thika humtoa jasho mjenzi. Hadi 1994 ilikuwa ndani ya wilaya ya Kiambu. Mwaka huo ikawa wilaya, na sensa ya 1999 ikaipa wilaya hiyo watu 645,713, wa Ruiru na Gatanga wakiwemo. Baada ya katiba ya 2010, Gatanga iko Murang'a, Ruiru na Thika ziko Kaunti ya Kiambu, na kaunti ndogo ya Thika Magharibi ilihesabiwa watu 245,820 mwaka 2019. Anayepanga tarakimu hizo mbili chini ya jina moja, "Thika", atachora mstari unaoporomoka, ilhali mji wenyewe ulikuwa ukijaa, na barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa 2012, ikiufungulia njia.

Ruiru humpotosha kwa upande wa pili. Mwaka 2009 mji ulihesabiwa watu 238,858. Ukiulinganisha na mji wa 2019, umeongezeka zaidi ya mara mbili. Ukiulinganisha na kaunti ndogo, umeongezeka kwa nusu na ushei. Mhandisi wa maji taka akitumia hesabu ya pili, mabomba yatafurika kabla deni la kuyajenga halijalipwa.

Ralph Kimball, aliyeandika kitabu chake maarufu cha maghala ya data mwaka 1996, alionyesha njia: usifute mpaka wa zamani, ongeza safu mlalo mpya yenye tarehe ya kuanza na ya kukoma. Mjenzi makini hutenganisha pia ngazi za utawala na ngazi za mji, na huhifadhi hesabu katika eneo dogo kabisa linalopatikana, ili mipaka ikibadilika aweze kuzijumlisha upya.

Mwaka 2019 makarani wa sensa walibeba vishikwambi, baadhi vikiwa vimeunganishwa katika chuo kikuu cha JKUAT pale Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Vifaa hivyo viliharakisha kuhesabu. Havikuamua Ruiru inaishia wapi: hilo huamuliwa na bunge, kaunti na ofisi ya takwimu, na mjenzi wa mchemraba asiyeziandika tarehe za maamuzi hayo humkabidhi mpangaji wa mji jibu la haraka kwa swali ambalo hakuliuliza.