Bastola na Nasaba Yake

Aliyerithi bastola ya gumegume hukimbilia kuisugua ing'are, na hapo ndipo anapoipunguzia thamani kwa mkono wake mwenyewe. Wajuzi wa silaha kongwe huitaka rangi ya uzee ibakie juu ya chuma na alama za ukaguzi zisomeke. Mtutu wenye herufi ELG zilizovikwa taji ulipimwa Liège, Ubelgiji, tangu 1893 na kuendelea, hata mwenyewe akiapa kuwa ni wa zama za Seyyid Said, aliyefariki 1856.

Lakini chuma peke yake hakileti bei kubwa. Lafayette alimtunukia George Washington jozi ya bastola mwaka 1778. Baadaye zikamfikia Andrew Jackson (rais yule yule ambaye serikali yake ilifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said, Maskati, 1833), naye akausia zirejeshwe kwa mwana wa Lafayette. Januari 2002 ziliuzwa mnadani Christie's, New York, kwa dola 1,986,000. Kilichonunuliwa pale, kwa maoni yangu, ni nasaba.

Sisi nasaba za watu twazihifadhi hadi babu wa saba. Za vitu twaziacha vinywani mwa wazee, nao huondoka nazo. Mwenye bastola sandukuni na akae leo na shangazi yake, aandike: nani aliipata, kwa nani, mwaka gani, na nani anayesimulia. Kitambaa na mafuta vingoje.