Rangi ya buluu jichoni: safari ya kuutafuta ukingo wa saratani

Saa sita mchana Mashuuru, Kajiado, mchungaji anayefuata ng'ombe hujifunika shuka kichwani, lakini macho yake hubaki wazi kwa jua na vumbi. Miaka ikipita, kinyama kidogo huweza kuota kwenye weupe wa jicho, karibu kabisa na duara jeusi. Mara nyingi hakina madhara makubwa. Mara nyingine ni saratani, na kwa kutazama tu hata daktari bingwa hawezi kuapa ni kipi kati ya viwili hivyo.

Ugonjwa huu una historia ndefu kwetu. Mwaka 1995, Dkt. Cornelius Ateenyi-Agaba wa Kampala aliandika katika jarida la Lancet kwamba saratani ya utando wa jicho ilikuwa ikiandamana na virusi vya UKIMWI (VVU). Mwaka uliofuata, watafiti wakiongozwa na Robert Newton walilinganisha nchi kwa nchi na kuonyesha mchango wa jua: Uganda ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 12 kwa kila watu milioni kwa mwaka, Uingereza chini ya 0.2. Kila ukienda digrii 10 mbali na ikweta, ugonjwa ulipungua kwa asilimia 49. Kajiado iko takriban digrii 2 tu kusini mwa ikweta.

Anayeshika kisu ana swali lake, nalo ni la zamani: saratani inaishia wapi? Akikata kidogo, anaacha mbegu. Akikata sana, anaharibu kiungo kizima. Huko Vienna, katika miaka ya 1920 na 1930, Walter Schiller alipaka aiodini kwenye mlango wa kizazi. Seli zenye afya, kwa kuwa zina akiba ya wanga, ziligeuka kahawia. Zenye hitilafu zikabaki zimepauka. Mbinu hiyo bado ni hai. Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliitumia kwenye umio wa watu 305 wasiokuwa na dalili yoyote, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa asilimia 14.4 walikuwa na mabadiliko yanayotangulia saratani.

Wengine walikimbilia mwanga. Mwaka 1948 George Moore na wenzake, Minnesota, Marekani, waliandika jinsi walivyowadunga wagonjwa wa uvimbe wa ubongo fluoresini, rangi ileile ambayo madaktari wa macho huitumia kutafuta michubuko kwenye kioo cha jicho, kisha wakamulika kwa taa ya urujuanimno ili uvimbe ung'ae. Ujerumani, Walter Stummer aliwanywesha wagonjwa dawa inayozifanya seli za saratani ya ubongo ziwake kwa wekundu chini ya mwanga wa buluu. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa uvimbe ulioonekana kwenye picha uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliotumia dawa hiyo, dhidi ya asilimia 36 ya waliopasuliwa kwa taa ya kawaida.

Mashine za kumulika hivyo ni ghali, na hapa nyumbani swali lilikuwa kama rangi ya bei nafuu ingeweza kusaidia. Kati ya Julai 2012 na Julai 2014, Dkt. Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwapima watu wazima 419 wenye vinyama vya kutiliwa shaka, katika kliniki za macho nchini Kenya. Jicho lilitiwa ganzi, kisha toluidini buluu, kali kwa asilimia 0.05 tu. Rangi hiyo hung'ang'ania asidi za kiini cha seli, na seli za saratani zina viini vikubwa, hivyo hunywa rangi zaidi. Kila kinyama kilikatwa na kupelekwa maabara ili jibu la rangi lilinganishwe na jibu la hadubini.

Rangi iliwanasa asilimia 92 ya wenye saratani. Lakini kati ya kila watu 100 wasio na saratani, takriban 69 nao walishika buluu. Kwa maoni yangu, takwimu hiyo ya pili ndiyo ya kukumbukwa. Rangi isiposhika, daktari ana sababu ya kutulia. Ikishika, bado hajajua. Maabara ya patholojia haiwezi kurukwa.

Na ukingo je? Kundi hilohilo lilifanya jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2016. Baada ya upasuaji, nusu ya wagonjwa walitia matone ya dawa ya 5-fluorouracil mara nne kwa siku kwa wiki nne, na nusu walipewa matone yasiyo na dawa. Katika mwaka mmoja saratani iliwarudia 17 kati ya 47 wa kundi la pili, lakini 5 tu kati ya 47 waliopata dawa. Hao 17 walipasuliwa na mikono yenye ujuzi, na bado kitu kisichoonekana kilibaki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Mashuuru, Isinya au Kitengela, kinyama kinachokua jichoni usikitibu kwa matone ya dukani. Nenda kliniki ya macho kingali kidogo, upimwe VVU pia. Ukishakatwa, usitoke kabla ya kuuliza maswali mawili: kipande changu kimepelekwa maabara? Na majibu nije kuyachukua lini?