Petroli ya Busia na Tororo: Historia Inavyoipima Chupa ya Oktani

Gari la kasi linalovuka mpaka wa Busia leo, liwe Subaru Impreza WRX STI au Mitsubishi Lancer Evolution, kwa kawaida liliundwa Japani na kupimwa kwa petroli ya Japani. Kule petroli ya kawaida haishuki chini ya oktani 89, na ya daraja la juu haishuki chini ya 96. Injini hizi za turbo zilitengenezwa kwa ajili ya hii ya pili. Likishafika Mombasa kama mtumba, likauzwa Nairobi, Kisumu au Kampala, gari hilo linalazimika kunywa kinachopatikana, na hapo ndipo chupa ndogo zinazoahidi kupandisha oktani zinapopata soko kwenye maduka ya vipuri. Je, chupa hizo zina thamani ya fedha zinazolipiwa? Kwa wenye magari walio wengi hazina. Maabara inathibitisha hivyo, lakini historia ya petroli iliyopita Malaba, Tororo na Busia inathibitisha zaidi. Katika ukanda huu oktani imeamuliwa siku zote na kiwanda, kodi na uaminifu wa muuzaji. Mtu anayeitafuta kwenye chupa anaitafuta mahali ambapo haijawahi kutoka.

Oktani yenyewe si nguvu. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kujilipukia. Pistoni inapopanda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, na joto hupanda pamoja na shinikizo. Petroli dhaifu hulipuka yenyewe kwenye kona ya silinda kabla moto wa plagi haujaifikia, na dereva husikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Huko ndiko kugonga, na injini ikigonga muda mrefu chini ya mzigo mzito, pistoni hutoboka. Mwaka 1926 mkemia wa Marekani, Graham Edgar, alipendekeza kipimo kinachotumika hadi leo: iso-oktani ikapewa 100, heptani ikapewa sifuri, na petroli nyingine zote zikalinganishwa na mchanganyiko wa hizo mbili. Ina maana kwamba injini isiyogonga kwa oktani 91 haipati chochote ikipewa 98. Haina tatizo ambalo oktani ya ziada ingelitatua.

Dawa ya kwanza ya kugonga iliyoenea duniani ilikuwa ya sumu. Tarehe 9 Desemba 1921, Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors waligundua kwamba kiasi kidogo tu cha kemikali ya risasi hunyamazisha injini. Petroli ya aina hiyo ilianza kuuzwa Dayton, Ohio, Februari 1923. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kuathiriwa na kemikali hiyo, lakini biashara iliendelea na kuenea duniani. Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya soko hilo. Reli kutoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931 ikipitia Tororo, na mji huo ukawa lango la shehena za Uganda. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilianza kusafisha mafuta mwaka 1963. Bomba la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978, likarefushwa hadi Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Tangu hapo malori ya tangi yamekuwa yakipakia Eldoret kuelekea Malaba, au Kisumu kuelekea Busia. Kwa miongo mingi petroli ya njia hiyo ilikuwa na risasi ndani yake. Kiongeza oktani kilikuwa tayari kimemiminwa kwenye kila tangi, na hakuna mnunuzi aliyeulizwa kama anakitaka.

Magari ya mashindano ya zama hizo yaliishi kwa petroli hiyohiyo. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sifa ya Datsun na Peugeot katika eneo hili ilijengwa humo. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973 akiendesha Datsun 240Z, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wanaozikumbuka zama hizo husema petroli ya zamani ilikuwa na nguvu. Gharama ya nguvu hiyo ililipwa na watoto waliovuta moshi wa risasi kando ya barabara, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua hata kwa kiasi kidogo. Ililipwa pia na magari yenyewe. Mitumba ya Japani ilipoanza kumiminika, mingi ilikuja na kichujio cha kemikali kwenye eksozi, na risasi hukiharibu kichujio hicho upesi.

Ukombozi haukuja kwa chupa. Juni 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuondoa risasi, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, likasukuma kazi hiyo. Kufikia mwanzo wa 2006 risasi ilikuwa imeondoka kwenye petroli ya eneo hili, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuiacha, Julai 2021. Oktani iliyopotea ilirudishwa viwandani, kwa kuibadili petroli yenyewe na kuichanganya na viambato vyenye oktani ya juu. Kenya ilikuwa imekwisha kuonyesha njia moja mapema zaidi. Kuanzia 1983 hadi miaka ya mwanzo ya 1990, spiriti iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya miwa ilichanganywa na petroli. Mchanganyiko huo ulikuwa na asilimia 65 ya super, 25 ya regular na 10 ya spiriti, na oktani ya spiriti ndiyo iliyowezesha regular dhaifu kutumika bila injini kugonga. Mpango ulikufa kwa sababu za bei, lakini somo lake limebaki: ili oktani ipande kwa njia safi, kinachoongezwa lazima kiwe sehemu kubwa ya tangi.

Sasa tuipige hesabu chupa ya dukani kwa kigezo hicho. Chukua chupa ya mililita 350 na tangi la lita 50. Chupa hiyo ni asilimia 0.7 ya tangi. Tuseme petroli yako ni ya oktani 91, na kilichomo ndani ya chupa ni kimiminika bora kama tolueni, chenye oktani 115. Tofauti ni 24, na asilimia 0.7 ya 24 haifiki 0.2. Tangi lako limetoka 91 likaenda 91.2, na hakuna injini itakayotambua. Lebo inaweza kuandika kwamba chupa inapandisha pointi 30 bila kudanganya kisheria, kwa sababu katika biashara hii pointi moja mara nyingi ni sehemu ya kumi ya namba ya oktani. Pointi 30 ni namba tatu tu, tena katika hali bora kabisa. Mnunuzi anayesoma 30 akadhani anatoka 91 kwenda 121 amepotoshwa, hata kama kila neno la lebo lina utetezi.

Ili kupanda hata hizo namba tatu kwa chupa ndogo, mtengenezaji hana budi kurudi kwenye njia ya Midgley, yaani metali. Iliyozoeleka ni kemikali ya manganizi iitwayo MMT, na nyingine ni ferosini, yenye chuma. Hizi zinafanya kazi kweli, na haki inataka tuseme hivyo. Lakini metali haiungui ikatoweka. Hubaki kama masizi yenye rangi ya kutu kwenye plagi, kwenye sensa ya oksijeni na ndani ya kichujio cha eksozi. Ndiyo maana watengenezaji magari wa Ulaya, Marekani na Japani, katika mwongozo wao wa pamoja kuhusu mafuta, wanataka petroli isiyo na viongezeo vya metali. Mwenye gari anayemimina chupa kila wiki analinda pistoni huku akiziba plagi na kichujio. Tuliipigania miaka mingi petroli isiyo na metali. Kuirudisha metali kwa hiari kupitia mdomo wa tangi ni kurudi nyuma.

Hoja nzito zaidi ya wanaotetea chupa ni ya mpakani hasa. Husema kwamba petroli ya huku haiaminiki, kwa hiyo chupa ni bima. Kutoaminika huko kuna historia yake. Julai 1976, baada ya shambulio la Entebbe, uhusiano wa Kenya na utawala wa Idi Amin uliharibika hata mafuta ya Uganda yakakwama upande wa Kenya, na magendo yakanawiri mpaka mzima. Januari 2008 vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilifunga barabara na reli, Uganda ikakaukiwa. Januari 2022 madereva wa malori waligoma Malaba na Busia kwa ajili ya vipimo vya korona, na bei ya petroli Uganda ikaruka. Upungufu wa namna hii humwita mwenye jerikani na mwenye tamaa ya kuchakachua. Kichocheo kingine ni kodi: mafuta ya taa yakiwa nafuu kuliko petroli na dizeli, kuna mtu atayachanganya. Tanzania iliziba pengo hilo mwaka 2011 kwa kupandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Kenya ilifuata Septemba 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita, na Uganda hutia alama za kemikali kwenye mafuta halali ili wakaguzi wayatambue. Hatua hizo zilibana uchakachuaji, ingawa maskini anayewasha koroboi ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya gharama.

Lakini hoja ya bima haisimami. Oktani ya mafuta ya taa iko chini ya 50. Yakiwa asilimia 10 ya petroli ya oktani 91, yanaishusha kwa namba nne au zaidi, kiasi ambacho hata chupa yenye metali haikifikii. Tena oktani si hasara pekee. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli, kwa hiyo huacha masizi, hupenya kando ya pistoni na kuizimua oili. Hakuna chupa ya oktani inayotibu hayo. Wapo pia wanaosema walinunua chupa na gari likawa jepesi. Huenda ni kweli, kwa kuwa kompyuta ya injini za kisasa hurudisha nyuma taimingi inaposikia kugonga, na kugonga kukipungua huirudisha mbele. Lakini gari la hivyo lilikuwa likiomba petroli sahihi, na tangi la petroli sahihi lingefanya hivyohivyo bila kuacha kutu kwenye plagi. Wanaotaja mafuta ya mashindano nao wanalinganisha vitu viwili tofauti. Petroli inayoruhusiwa na FIA (shirikisho la kimataifa la magari), yenye kikomo cha oktani 102, huchanganywa yote kiwandani.

Jiografia nayo inasaidia. Busia na Tororo ziko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, shinikizo ndani ya silinda hushuka, na injini isiyo na turbo huhitaji oktani ndogo kuliko ingehitaji Mombasa. Kwa Toyota ya kawaida chupa ni fedha iliyomwagwa. Turbo hufidia wepesi huo wa hewa, kwa hiyo mwenye Evolution hana nafuu hiyo, na ni yeye pekee anayestahili kuwa na chupa garini, kwa ajili ya dharura: amekwama mahali pasipo petroli ya daraja la juu na ana safari ndefu ya kupanda miinuko ya Timboroa. Hata kwake, suluhisho la kudumu ni fundi mwenye kompyuta atakayepunguza msukumo wa turbo na kuipanga taimingi ilingane na petroli anayoipata kila siku. Kazi hiyo hulipiwa mara moja, chupa hulipiwa kila tangi.

Wajibu uliobaki ni wa umma. Kituo cha forodha cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018 na Marais Kenyatta na Museveni, kimeonyesha kwamba nchi hizi mbili zinaweza kukagua mizigo chini ya paa moja. Zikague na petroli kwa moyo huohuo: matokeo ya vipimo vya mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, upande wa Kenya na vya wakaguzi wa Uganda yachapishwe kwa jina la kituo, na oktani ya kila pampu iandikwe mahali pa kuonekana. Tuliondoa risasi kwa makubaliano ya serikali, tukabana mafuta ya taa kwa sheria za kodi. Petroli ya kuaminika mpakani itapatikana kwa njia hizohizo, na mwenye gari anayedai risiti na kubaki kwenye kituo kimoja anachokiamini anaisaidia zaidi injini yake kuliko chupa yoyote iliyoko rafuni.