Opera Mini (kivinjari)

Opera Mini ni kivinjari cha simu cha kampuni ya Opera ya Norway, kilichotolewa duniani kote Januari 2006. Kililenga simu ndogo za vibonyezo zenye uwezo wa kuendesha programu za Java, na baadaye kikaingia kwenye Android.

Nguvu yake iko mbali na simu yenyewe. Seva za Opera huufungua ukurasa kwanza, huupanga upya, hupunguza ubora wa picha, kisha huutuma ukiwa umebanwa, wakati mwingine kwa hadi asilimia 90. Kwa mwanafunzi wa Mbita au mfanyabiashara wa omena kule Muhuru Bay, nchini Kenya, anayenunua bando la shilingi 20, tofauti hiyo ni kubwa mno: bando ambalo lingeisha kwa kurasa chache zenye picha hutosha kusoma habari asubuhi nzima, hata mtandao ukiwa dhaifu.

Unafuu huo una gharama yake. JavaScript huendeshwa kwenye seva, tena kwa muda mfupi tu, hivyo fomu ndefu za mtandaoni hukwama: mtu hubonyeza kitufe cha kutuma na ukurasa usisogee. Isitoshe, katika hali ya ubanaji mkali, nywila hupita kwenye seva hizo ikiwa imefumbuliwa. Shughuli za benki zifanyiwe kwingine. Toleo la Android lina hali ya ubanaji wa wastani inayoacha kurasa zifanye kazi kikamilifu zaidi, na pia huzuia matangazo.