Kizuri Kiliposhindwa Kujiuza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilizaliwa katika soko ambalo mnunuzi hukitia kitu mkononi kabla ya kutoa fedha: anaonja tende, anaukunjua mkeka autazame upande wa chini, anakigonga chungu kwa kidole asikilize mlio wake. Chungu cha fundi hodari hakihitaji mpiga debe hapo, maana tofauti yake na cha jirani inasikika. Leo watu wanapobishana kama ni halali kuuza bidhaa kwa mvuto wa mwili, hulichukulia jambo hilo kuwa la adabu, tena la kuporomoka kwa adabu za siku hizi. Historia ya biashara inaonyesha njia nyingine. Mwili wa mwanamke uliingia kwenye matangazo pale methali ile ilipoishiwa nguvu, yaani mashine zilipoanza kutoa vitu vizuri vinavyofanana mno, hata kukawa hakuna kimoja kinachoweza kujiuza chenyewe.

Pa kulitazamia hili ni Durham, mji wa tumbaku katika jimbo la North Carolina, Marekani. Mkulima Washington Duke alirudi huko mwaka 1865 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaanza na wanawe kuuza tumbaku kutoka shambani kwake. Mwanawe James ndiye aliyeipeleka biashara kwenye sigara. Wakati huo sigara zilisokotwa kwa mkono, na msokotaji mwepesi alitoa nne au tano hivi kwa dakika. Mwaka 1881 kijana aitwaye James Bonsack alipata hataza ya mashine iliyoweza kutoa sigara 120,000 hivi kwa siku ya saa kumi. Washindani wakubwa wa Richmond waliitilia shaka. Duke aliichukua, na ilipotengemaa mwaka 1884 alijikuta na tatizo geni: sigara zilikuwa nyingi kuliko wavutaji. Zaidi ya hapo, sigara yake ilikuwa na karatasi kama ya mwenzake na tumbaku kama ya mwenzake. Angekuwa mfinyanzi angewaambia wateja wagonge wasikie, lakini sigara zote zilitoa mlio mmoja.

Jibu lilipatikana ndani ya pakiti. Pakiti za siku zile zilikuwa laini, kwa hiyo wenye viwanda walitia kadi ngumu ili sigara zisipondeke. Kadi tupu ni nafasi ya bure, na muda si mrefu ikajaa picha: wachezaji wa besiboli, bendera, ndege, na zaidi ya yote waigizaji wa kike katika mavazi ya jukwaani yaliyobana na kuacha miguu wazi. Duke hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, ila aliwapita wengine kwa wingi wa fedha. Mwaka 1889 alitumia takriban dola 800,000 kwa matangazo. Mwaka uliofuata aliwaunganisha washindani wakuu wanne na kampuni yake, ikazaliwa American Tobacco Company. Baba yake, Mmethodisti wa dhati, hakufurahi. Mwaka 1894 alimwandikia James akilalamika kwamba picha zile zinawaharibu vijana na kuwapa watu wa dini sababu ya kuilaumu familia. (Mzee huyohuyo, mwaka 1896, aliahidi dola 100,000 kwa chuo cha Trinity pale Durham kwa sharti kwamba wanawake wapokewe sawa na wanaume. Fedha za kadi zilikuwa na safari ndefu.)

Picha ya mwigizaji haikusema neno lolote juu ya sigara. Haikudai kwamba tumbaku ni kavu zaidi au kwamba moshi wake ni laini. Ilikaa mahali ambapo sifa ya bidhaa ingekaa, kwa sababu sifa hiyo haikuwapo. Mtu akikuuzia chungu kwa kukuonyesha mguu wa jirani yake, una haki ya kuuliza chungu kina nini.

Atakuja msomaji aseme kwamba nimechagua mfano mwepesi, kwa kuwa tangazo maarufu kuliko yote katika historia ya mvuto wa mapenzi lilitungwa na mwanamke na liliwalenga wanawake. Ni kweli. Helen Lansdowne, mtunzi wa matangazo katika kampuni ya J. Walter Thompson na mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura, ndiye aliyeipa sabuni ya Woodbury kaulimbiu yake kuhusu ngozi ambayo mtu hupenda kuigusa, mwaka 1911. Picha ilimwonyesha mwanamume amemkaribia mwanamke, na chini yake yakafuata maelezo ya namna ya kunawa uso. Hapa nakubali kwamba mambo ni tofauti. Mwanamke hakuwa tena zawadi ndani ya pakiti. Alikuwa mnunuzi, na sabuni kweli inagusa ngozi. Kamba kati ya picha na bidhaa ilikuwapo, ingawa ilivutwa mno, maana aliyeelezwa kwamba ngozi inayopendwa hununuliwa alikuwa ameelezwa pia kwamba aliyonayo haitoshi. Tena kamba hiyo haikudumu. Kufikia mwaka 1936 sabuni hiyohiyo ilitangazwa kwa picha ya mwanamke aliye uchi akiota jua, iliyopigwa na Edward Steichen.

Je, palikuwa na njia nyingine kwa mfanyabiashara mwenye bidhaa isiyotofautika? Pwani ya Afrika Mashariki inayo jibu lake, na limefungwa viunoni mwa watu. Kanga nayo ni bidhaa ya mashine: kitambaa cha pamba kilichochapwa viwandani, kwa muda mrefu huko Ulaya, India na Japani, kikaletwa kwa marobota. Doti moja na nyingine hutofautiana kwa pindo na mji, lakini ua zuri huigwa upesi. Inasemekana ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla na ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887, aliyezoesha desturi ya kuchapa maneno juu ya kitambaa. Tangu hapo kanga ikawa na jina, na jina ndilo linaloulizwa dukani. Mengi ya majina hayo ni ya mapenzi, na baadhi ni makali kuliko kadi yoyote ya Durham: kuna ya kumbembeleza mume, ya kumkomesha mke mwenza, ya usiku. Asidhani mtu kwamba pwani iliuza kwa kukana tamaa. Ila katika kanga mwanamke ndiye anayenunua, ndiye anayevaa, na ndiye anayesema; tena maneno ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Aliyenunua kanga kwa ajili ya jina lake amepata jina hilo. Aliyenunua sigara kwa ajili ya mwigizaji alipata moshi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wenye biashara: mvuto wa mwili unauza, na soko halisubiri falsafa. Duke alitajirika, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa pia na mashine iliyopunguza gharama, bei aliyoikata nusu, na baadaye washindani aliowameza. Kumpa mwigizaji sifa yote ni kumwonea mhasibu. Utafiti wa karibuni nao hauwapi wauzaji faraja. Mwaka 2017 John Wirtz wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 78 juu ya matangazo ya aina hii. Watu walikumbuka zaidi tangazo lenye mvuto wa mwili, lakini hawakukumbuka zaidi jina la bidhaa, wala nia yao ya kununua haikuongezeka. Jicho limeitwa, mkono haujafika mfukoni.

Basi tupige marufuku? Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa maana marufuku zina historia yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Ilipinga sketi fupi, mawigi, nguo za kubana na krimu za kung'arisha ngozi, vyote vikitajwa kuwa aibu kwa utamaduni wa taifa. Kabla tarehe haijafika, makundi ya vijana yalikwisha kuwavamia wanawake huko Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu ya mavazi yao. Wanawake wale hawakutunga tangazo wala hawakuagiza shehena ya krimu. Ghadhabu dhidi ya kile kinachouzwa ilimwangukia aliyekivaa.

Marufuku ya jumla hukosea hata upande wa pili. Machi 2013 televisheni za Kenya zilionyesha tangazo la kondomu lililomzungumzia mke mwenye uhusiano wa nje ya ndoa. Viongozi wa dini wakalipinga, likaondolewa. Lile lilikuwa tangazo ambalo mapenzi ndiyo maudhui yake halisi, na kondomu haiwezi kuelezwa kwa kuzungumzia mvua. Kipimo tunachokipata kwenye kadi ya Durham, yaani kuuliza kama mvuto unahusiana na bidhaa yenyewe, kingelipitisha, kama kinavyoupitisha udi na manukato ya chumbani. Matairi na saruji visingepita. Na wa kuwajibishwa anaweza kuwa muuzaji: nchini Norway, sheria ya masoko ya mwaka 2009 inamkataza mtangazaji kuutumia vibaya mwili wa jinsia yoyote, na anayejibu ni mtangazaji mwenyewe, wala si aliyesimama mbele ya kamera. Mzee wa Durham aliliona hilo mapema: barua yake ya 1894 aliipeleka kwa mwenye kiwanda. Waigizaji hakuwaandikia.